Lokole, Likembe na Kadi ya Sauti: Historia ya Watu Waliokataa Mashini Inyamaze



Mara hii tunaingia katika historia ya vitu ambavyo wengi wetu hatukuvishika kwa mkono: kompyuta za nyumbani za miaka ya 1980, na vile watu wa kawaida walivyozifungua, wakazichomelea waya, wakaziongezea sauti. Mpaka leo kuko watu ambao wanaendelea na kazi hiyo, wanachukua mashini ya miaka 40 na kuiwekea kipande kipya cha sauti. Mtu atauliza: sasa hiyo inatuhusu nini sisi? Tunafikiri inatuhusu sana, na mwisho wa andiko hili kila mmoja ataamua mwenyewe.

Tuanze nyumbani. Mto Lualaba ukitoka Kindu unakuja vizuri mpaka kwetu Ubundu, alafu unakutana na maporomoko saba ya Boyoma. Hapo chombo hakipiti. Njo maana wakati wa Léopold II walijenga njia ya gari-moshi ya kilometa kama 125, kutoka Ponthierville, jina la zamani la Ubundu, mpaka Stanleyville, njo Kisangani ya leo. Ilifunguliwa mwaka 1906. Tunajua wazee wetu walitoa jasho gani wakati ule, na hiyo ni habari ya andiko lingine. Lakini tuangalie wazo lenyewe. Mto haukubadilishwa. Uliongezewa njia pembeni, na mwanzo na mwisho wa njia hiyo kukawekwa mahali pa kushusha na kupakia mizigo. Ukishika wazo hilo, umeshika maana ya kadi ya kuongezea kompyuta: mashini inakwama mahali fulani, unaacha mwili wake vile ulivyo, unaipatia njia ya pembeni.

Sauti mbili tu

Kompyuta ya Apple II ilitoka mwaka 1977. IBM PC ilitoka mwaka 1981. Zote mbili zilikuwa na akili nyingi kwa wakati wao, lakini mdomo wao ulikuwa maskini kabisa. Ndani kulikuwa na spika moja ndogo ambayo kompyuta ingeweza kuifanyia mambo mawili tu: kuisukuma au kuiachia. Hakuna katikati. Hakuna sauti ya chini polepole, hakuna sauti kubwa. Ukisukuma na kuachia mara 440 kwa sekunde moja, unapata noti moja ya muziki, kavu, inakwaruza sikio. Basi.

Mtu wa Tshopo hawezi kucheka jambo hilo, kwa sababu sisi tuko na historia ya chombo cha sauti mbili. Lokole ni gogo lililochimbwa ndani kupitia ufa mwembamba. Upande mmoja wa ufa unatoa sauti ya juu, upande wa pili sauti ya chini. Mbili tu. Lakini kwa sauti hizo mbili Walokele na majirani zao walitangaza msiba, waliita watu kwenye mkutano, na walisema nani anakuja na chombo gani, kutoka kijiji mpaka kijiji kandokando ya mto.

John Carrington, Mwingereza wa misioni ya Wabatisti aliyefika Congo mwaka 1938 na kufanya kazi Yakusu, karibu na Kisangani, alitaka kuelewa jambo hilo linawezekana namna gani. Alijifunza mwenyewe kupiga lokole, na mwaka 1949 kitabu chake juu ya ngoma zinazosema kilitoka. Jibu ni hili. Katika lugha ya Kilokele, kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno. Lokole inabeba kupanda na kushuka huko, lakini inapoteza herufi zote. Sasa shida: maneno mengi yanapanda na kushuka sawasawa. Neno la mwezi wa angani na neno la kuku, kwa mfano, kwenye lokole yanasikika kitu kimoja. Mpigaji anafanya nini? Anaongezea mkia. Hasemi mwezi peke yake, anasema mwezi ule unaotazama dunia kutoka juu. Hasemi kuku peke yake, anasema kuku yule mdogo mwenye kulia hivi na hivi. Maneno yanakuwa mengi, lakini anayesikiliza hapotei.

Mwaka mmoja mbele ya kitabu hicho, 1948, Claude Shannon wa Marekani alikuwa ametoa maandishi yake ya hesabu juu ya namna habari inavyosafiri katika njia mbovu. Alionyesha kwamba maneno ya ziada, yale ambayo yanaonekana kama ya bure, njo yanalinda ujumbe usiharibike. Wapigaji wa lokole walikuwa wanafanya hivyo miaka mingi bila kungoja hesabu. Kitabu cha James Gleick juu ya historia ya habari, cha mwaka 2011, kinafungua na ngoma hizo za kwetu. Hatujisifu bure.

Watu wa kompyuta nao walifanya ujanja wao. Spika inajua kusukumwa na kuachiwa tu? Basi, wakaisukuma na kuiachia upesi sana, maelfu ya mara kwa sekunde, wakibadilisha muda wa kusukuma kidogo kidogo. Karatasi ya spika ni nzito kuliko umeme, haiwezi kufuata kila msukumo, inabaki mahali fulani katikati. Hapo ikatoka kitu kinachofanana na sauti ya mtu, ya kukwaruza lakini inaeleweka. Ni ujanja wa chombo cha sauti mbili, mara ya pili katika historia.

Lakini ujanja una mwisho. Kompyuta ikishughulika na kusukuma spika haina tena nafasi ya kufanya kazi nyingine. Njo hapo watu walianza kufikiria kuongezea mashini yenyewe.

Mawe nane kwenye mizani

Kitu cha bei ndogo kuliko vyote kilikuja mwishoni mwa miaka ya 1980 kutoka kampuni ya Marekani yenye jina Covox. Kilikuwa kijisanduku kidogo cha kuchomeka nyuma ya kompyuta, katika tundu la printa. Wengi walipokifungua walishangaa: ndani hamna chipu ya maana. Ni rezistansi tu, zimepangwa kama ngazi.

Tueleze vizuri, kwa sababu hapa kuna somo ambalo fundi yeyote wa redio anaweza kulitumia kesho. Tundu la printa lina waya nane za kutoa habari. Kila waya iko na umeme au haina. Sasa waza mizani ya soko na mawe nane: la kwanza lina uzito wa 1, la pili 2, la tatu 4, alafu 8, 16, 32, 64 na 128. Kwa mawe hayo nane unaweza kupima uzito wowote kutoka 0 mpaka 255. Unataka 100? Weka 64, weka 32, weka 4. Imekwisha.

Ngazi ya rezistansi inafanya kazi ya mizani hiyo kwa umeme. Kila waya ya printa inapita kwenye ngazi kwa nafasi yake, na ngazi inaipunguza nusu, nusu ya nusu, nusu ya nusu ya nusu. Mwisho wa ngazi umeme wote unajumlishwa kuwa kiwango kimoja, kimoja kati ya viwango 256. Badilisha kiwango hicho maelfu ya mara kwa sekunde, peleka kwenye ampli, na kompyuta iliyokuwa inalia kama chiriku sasa inaimba.

Uzuri wa ngazi hiyo ni kwamba inahitaji rezistansi za namna mbili tu, moja na mara mbili yake. Na ile ya mara mbili unaweza kuitengeneza kwa kuunga mbili za kwanza. Kwa hiyo mfuko mmoja wa rezistansi za thamani moja, kama 25 hivi, unatosha kwa waya nane. Ongeza kondansateri moja ya kulainisha, ongeza kichwa cha kuchomeka, kazi imekwisha.

Mwanafunzi wa kwanza kukifungua kijisanduku kile alijua mara moja kwamba hakuna sababu ya kukinunua. Katika Ulaya Mashariki, ambako dola zilikuwa adimu na duka la vitu vya Marekani lilikuwa mbali, vijana walijitengenezea vyao jikoni, na jina Covox likabaki kama jina la kitu chochote cha namna hiyo, hata kama kampuni haikukigusa. Sauti yake ilikuwa na ukungu, ndiyo. Lakini ilikuwa sauti.

Profesa wa Québec na fundi wa Singapore

Kuna njia nyingine: badala ya kuifanya kompyuta itengeneze kila chembe ya sauti, unaipatia chipu inayojua muziki, kompyuta inatoa amri tu. Kwenye Apple II njia hiyo ilianza mapema. Steve Wozniak aliijenga mashini ile na nafasi nane za kuchomeka kadi, na kifuniko chake kinafunguka kwa mkono, bila bisibisi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kadi ya Mockingboard iliingia katika nafasi hizo na kuleta sauti kadhaa kwa mara moja.

Kwa IBM PC, jina la kwanza kubwa lilikuwa AdLib, na linatuhusu kidogo kwa sababu ya lugha. Lilitoka Québec, Canada, kwa watu wanaosema Kifaransa. Mwanzilishi wake, Martin Prével, alikuwa profesa wa muziki katika Chuo Kikuu cha Laval. Kadi yake ya mwaka 1987 ilitumia chipu ya Yamaha yenye sauti tisa. Chipu hiyo ilisimama juu ya ugunduzi wa John Chowning, mwanamuziki wa Chuo Kikuu cha Stanford, ambaye mwaka 1967 aliona kwamba ukitikisa wimbi moja kwa wimbi lingine upesi sana, inazaliwa sauti tajiri, ya kengele, ya tarumbeta. Yamaha walinunua haki ya ugunduzi huo.

Alafu akaja Sim Wong Hoo wa Singapore. Huyu alikuwa na diploma ya ufundi kutoka chuo cha Ngee Ann, si chuo kikuu. Mwaka 1981, pamoja na rafiki yake Ng Kai Wa, alifungua duka dogo la kutengeneza kompyuta katika mtaa wa Chinatown. Walikuwa wanatengeneza vipande vya kuongezea Apple II. Walijaribu kuunda kompyuta yao wenyewe, soko halikuipenda. Wakarudi kwenye vipande vya kuongezea. Mwaka 1989 wakaleta Sound Blaster.

Angalieni Sound Blaster ilikuwa nini. Walichukua chipu ileile ya Yamaha ambayo AdLib ilitumia, ili kila mchezo ulioandikwa kwa AdLib ukubali kadi yao. Wakaongezea pale pembeni njia ya kucheza na kurekodi sauti ya kweli, kama ile ya ngazi ya rezistansi lakini bora zaidi. Wakaongezea na tundu la kushikia kifimbo cha mchezo, kitu ambacho mnunuzi angelipia peke yake. Vitu vitatu kwa kadi moja. Mwaka 1992 AdLib ilifilisika. Mwaka huohuo kampuni ya Sim, Creative, ilikuwa ya kwanza ya Singapore kuuza hisa zake kwenye soko la Nasdaq la Marekani. Sim alifariki Januari 2023, dunia nzima ikaandika habari yake.

Hatusemi profesa ni mbaya na fundi ni mzuri. Bila Chowning na Prével, Sim asingekuwa na kitu cha kuongezea. Tunasema hivi: mwenye duka la kutengeneza alikuwa anaona kila siku wateja wanaleta nini, nini kinakufa, nini kinakosekana. Elimu hiyo haipatikani katika auditwari.

Kosa lililogeuka sauti

Sasa tufike kwenye sehemu tunayoipenda zaidi.

Mwaka 1982 Commodore 64 ilitoka, kompyuta ya nyumbani iliyouzwa zaidi ya milioni 10. Ndani yake mulikuwa na chipu ya sauti yenye jina SID. Aliyeichora, Bob Yannes, alipenda muziki wa sintesaiza, na aliifanya kwa haraka, mambo mengine hakuyamaliza vile alivyotaka. Ilikuwa na sauti tatu na filta, na ilikuwa na kasoro. Kasoro moja ni hii: ukibadilisha kiwango cha sauti kwa ghafla, chipu inatoa mlio kama wa kidole kugonga meza.

Fundi mwenye nidhamu atasema: kasoro, tuiondoe. Waandishi wa michezo walisema: ngoja kwanza. Kiwango cha sauti kina hatua 16. Tukikibadilisha maelfu ya mara kwa sekunde, migongo hiyo itaungana na kuwa sauti ya mtu, ya ngoma, ya gitaa. Na njo walivyofanya. Chipu ya sauti tatu ikapata sauti ya nne kupitia kosa.

Baadaye kampuni ilitoa aina mpya ya SID, namba 8580, safi zaidi. Kosa likawa limerekebishwa. Matokeo yake? Ngoma na sauti za watu katika michezo ya zamani zikafifia, karibu kupotea. Watu wakafungua mashini zao mpya na kuchomelea rezistansi moja, moja tu, kati ya mguu wa kupokea sauti ya nje na mguu wa ardhi. Kosa likarudi. Watu walifanya kazi ili kurudisha kasoro, kwa sababu muziki ulikuwa umekwisha kuandikwa juu ya kasoro hiyo.

Wengine waliongezea SID ya pili. Chipu mbili zinabebana mgongoni, miguu inachomelewa pamoja, isipokuwa michache ambayo inakunjwa nje: ule wa kuitwa kwa anwani yake, ile ya filta, na ule wa kutoa sauti. Hiyo inapewa waya zake. Sauti tatu zinakuwa sita, moja kushoto, nyingine kulia.

Munasema hii ni mambo ya wazungu wenye wakati wa kupoteza? Basi tuje Kinshasa. Mawangu Mingiedi, Mzombo wa upande wa mpaka wa Angola, alianzisha Konono N°1 mwaka 1966. Alikuwa na shida moja: likembe ni chombo cha chumbani, na Kinshasa ni mji wa makelele. Alichukua sumaku kutoka vipande vya motokari vilivyokufa, akavizungushia waya ya shaba, akapata mikro. Ulimi wa chuma wa likembe unatetemeka karibu na sumaku, umeme mdogo unazaliwa ndani ya waya. Ni ileile fizikia ya Faraday ya mwaka 1831 tuliyokariri kwa ajili ya mtihani. Umeme huo unapelekwa kwenye ampli, alafu kwenye lance-voix, zile tarumbeta za chuma za kutangazia watu zilizobaki tangu wakati wa ukoloni.

Sauti ilitoka imepasuka, ina moto, ina mikwaruzo. Hakuna aliyepanga hivyo. Lakini kundi halikuikimbia, liliijengea muziki juu yake. Mfaransa mmoja alirekodi kundi hilo mwaka 1978. Miaka mingi ikapita, Vincent Kenis wa Ubelgiji akalitafuta tena, na albamu ya Congotronics ikasambaa duniani katikati ya miaka ya 2000. Björk aliwaita kwenye wimbo wake mwaka 2007. Mwaka 2011 Konono N°1 ilikuwa kati ya walioshinda Grammy pamoja na Herbie Hancock. Mingiedi alifariki mwaka 2015.

Weka Yannes na Mingiedi pamoja. Mmoja alikuwa na kiwanda cha chipu, mwingine alikuwa na sumaku za motokari. Katika kazi ya wote wawili mashini ilitoa kitu ambacho hakikuagizwa, na kuliko kukifuta, watu walikisikiliza.

Leo watu wanafanya nini

Commodore ilifilisika mwaka 1994. SID haitengenezwi tena. Kila moja inayokufa ni moja imepungua, na zinakufa sana, nyingine kwa sababu adapta za umeme za zamani zikizeeka zinapeleka volti nyingi kuliko inavyotakiwa. Sisi ambao televizyo zetu zimeungua siku grupe ilipopandisha umeme, hilo hatuhitaji kufundishwa. Na bei ikipanda, vya bandia vinakuja: chipu inafutwa jina, inaandikwa SID, mnunuzi analia.

Kwa hiyo wapenzi wa mashini hizo waliunda mbadala. SwinSID inatumia kompyuta ndogo ya ndani ya chipu moja, inayoiga SID na kuingia katika tundu lake. FPGASID inatumia chipu ambayo unaweza kuipanga upya milango yake ya ndani, hata inaiga SID mbili kwa mara moja, na inakuachia uchague: unataka ile yenye kosa au ile safi?

Kwa upande wa PC za zamani, Sound Blaster ya kwanza imechorwa upya kwa mkono, waya kwa waya, na kupewa jina la utani Snark Barker. Kuko pia PicoGUS, kadi inayoiga Gravis Ultrasound ya mwaka 1992, ambayo wakati wake watu waliiongezea kumbukumbu kwa kuchomeka chipu kwa vidole. Moyo wa PicoGUS ni Raspberry Pi Pico, kipande kilichotoka mwaka 2021 kwa dola 4. Kipande hicho kina mwendo wa megahezi 133. IBM PC ya 1981 ilikuwa na 4.77. Mtumishi ana nguvu mara nyingi kuliko bwana wake, lakini anakubali kumsikiliza, kwa sababu lengo ni mzee aimbe tena.

Karatasi

Sasa swali letu: kwa nini mashini hizi zinaweza kufufuliwa baada ya miaka 40, na nyingine hapana?

Jibu ni karatasi. Kitabu cha Apple II cha mwaka 1978 kilikuwa na mchoro wa umeme wote wa mashini. Kitabu cha ufundi cha IBM PC, mchoro wote. Kitabu cha waandishi wa programu za Commodore 64, mchoro umekunjwa nyuma ya kitabu. Mnunuzi alipewa mashini pamoja na siri yake. Na wapenzi wa leo wameshika desturi hiyo: michoro ya PicoGUS na ya Snark Barker iko wazi, anayetaka anaichukua, anaitengeneza, anairekebisha.

Rudi kwetu. Carrington mwenyewe aliona vijana wanaacha kujifunza lokole, na hiyo ni zaidi ya miaka 70 iliyopita. Sehemu kubwa ya kile ambacho mtu wa mbali anajua leo juu ya lugha ya lokole, anaijua kwa sababu mtu mmoja aliandika. Na tukubali, mtu huyo alikuwa mgeni. Wapigaji wenyewe walikuwa na elimu yote, lakini kalamu ilikuwa mkononi mwa mwingine.

Leo, kandokando ya soko, Ubundu na Kisangani, kuko mafundi wanaofufua ampli zilizokufa, wanafunga bafle kwa panel ya jua, wanaunganisha redio za aina tatu kuwa moja inayofanya kazi. Toleka yenyewe, baiskeli ya kawaida iliyowekewa kiti cha kubeba mtu, ni kadi ya kuongezea. Michoro ya kazi hizo iko wapi? Iko kichwani mwa fundi. Siku fundi anahama au anakufa, mchoro unaenda naye.

Na sisi tuliosoma tuko wapi? Mara nyingi tunapita pale na redio mkononi, tunalipa, tunaondoka, tunarudi nyumbani kulalamika kwamba hakuna kazi na kwamba mada za TFC zimekwisha, zote zimekopiwa. Hazijaisha. Chuo Kikuu cha Kisangani kipo tangu 1963. Ni mémoire ngapi zimemkalisha mwanafunzi karibu na fundi wa ampli, achore kila waya, apime kila volti, aandike kwa nini ile rezistansi na si nyingine?

Tunajua jibu la haraka: "Fundi hatakubali kutoa siri yake, siri njo chakula chake." Ni jibu la haki, na halipaswi kupuuzwa. AdLib na Creative wenyewe hawakugawa kila kitu. Kwa hiyo kuna masharti. Jina la fundi liandikwe kwenye ukurasa wa kwanza, si katika shukrani za mwisho. Nakala ya kwanza iwe yake. Na mwanafunzi alipe kwa elimu yake: afundishe kusoma karatasi ya chipu iliyoandikwa kwa Kiingereza, ahesabu thamani ambayo fundi alikuwa anaitafuta kwa kujaribu na kuunguza. Sim alikuwa na diploma na duka katika mwili mmoja. Sisi tunaweza kuwa na diploma hapa na duka pale, tukajenga njia kati yao.

Faida si ya sifa tu. Fundi mwenye mchoro anaweza kufundisha watoto watatu kwa mwezi, badala ya mmoja kwa miaka mitatu. Anaweza kuagiza vipande kamili Kisangani, badala ya kununua mashini nzima iliyokufa ili kutoa kipande kimoja. Na ampli iliyofungwa kwa mchoro unaojulikana, ikiungua katika kijiji cha mbali, mtu mwingine ataitengeneza bila kuisafirisha.

Kwa hiyo chama kinatoa pendekezo, na tunangoja mawazo yenu. Kila mwanachama amtafute fundi mmoja wa sauti, wa redio au wa umeme anayemfahamu. Amuulize kitu kimoja tu: ni kitu gani umewahi kukiongezea mashini, ambacho mwenye kiwanda hakukiweka? Akikubali, kichorwe kwa kalamu, hata kama mchoro ni mbaya, na jina lake liandikwe juu. Tutaikusanya hapa. Mchoro mbaya unaweza kurekebishwa na mwingine. Ule ambao haukuchorwa, hakuna wa kuurekebisha.

Anzeni kutuandikia: kwenu nani anajulikana kwa kazi hiyo, na umemwona akiongezea nini?